Viini 14 vya zamani au 4 vya kisasa? Jinsi vichakataji vya viini vingi vinavyoamua kasi ya michezo ya kompyuta na namna ya kuiandika

Mwanzilishi wa mada, Nairobi

Ndugu zangu, hamjambo. Kuna swali ambalo huulizwa hapa mara kwa mara na ambalo nadhani linastahili jibu refu. Mtu ana fedha zake, amezunguka madukani Luthuli Avenue na Moi Avenue, na amebaki na machaguo mawili. La kwanza ni HP Z440 iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa hapa, yenye kichakataji cha Xeon E5-2680 v4 cha viini 14 (kiini ni kitengo kinachotekeleza maagizo ya programu). La pili ni kompyuta ya kuunganishwa dukani yenye Core i3-12100F, ambayo ina viini 4 tu. Kadi ya michoro ni ile ile kwa zote mbili, na mnunuzi anataka kucheza michezo. Achukue ipi?

Hesabu ya haraka humvuta mtu kwenye Xeon, kwa kuwa viini 14 vinavyobeba nyuzi 28 (uzi ni mfuatano mmoja wa maagizo unaotekelezwa) vinaonekana kuwa mali nyingi kwa bei ndogo. Mimi ningechukua i3, na sababu zinazonifanya niseme hivyo ndizo zinazoitawala pia kazi ya mtu anayeandika mchezo, kwa hiyo nitazieleza kwa pamoja.

Hadi karibu mwaka 2004, kasi ya kompyuta ilipatikana kwa kuongeza mapigo ya saa ya kichakataji. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka huo, na Intel ilikuwa imepanga toleo la gigahezi 4 kabla ya kulifuta mwezi Oktoba. Kilichozuia ni joto. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walikuwa wameeleza kwamba transista (swichi ndogo za umeme ndani ya kichakataji) zikipunguzwa ukubwa, volteji nayo inaweza kupunguzwa, hivyo joto linalotoka katika kila eneo la silikoni hubaki lile lile. Katikati ya miaka ya 2000 volteji haikuweza kushushwa zaidi, kwa sababu umeme ulikuwa ukivuja hata transista ikiwa imezimwa. Transista ziliendelea kuongezeka lakini hazikuweza kuharakishwa kama zamani, basi watengenezaji wakazitumia kujenga kiini cha pili kando ya cha kwanza. Pentium D na Athlon 64 X2 zilitoka mwezi Mei 2005, na Novemba mwaka huo Xbox 360 ikaingia sokoni ikiwa na viini 3.

Kuanzia hapo mzigo ulihama kutoka kiwandani ukamwangukia mwandishi wa programu. Mchezo ulioandikwa mwaka 1998 ulikwenda kasi zaidi kwenye kompyuta ya mwaka 2002 bila mtu kugusa hata mstari mmoja wa msimbo. Mchezo wa uzi mmoja ulioandikwa mwaka 2005 haukupata karibu chochote kutoka kwa kiini cha pili, mpaka aliyeuandika aketi na kuigawa kazi yake kwa mikono yake mwenyewe.

Kuigawa ndiko kugumu, na ugumu huo unaonekana vizuri tukifuata fremu moja, yaani picha moja, ya mchezo. Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 za kukamilisha kila moja. Ndani ya muda huo ni lazima usome vitufe alivyobonyeza mchezaji, uamue maadui watafanya nini, ukokotoe migongano na mwendo wa vitu, usogeze viungo vya wahusika, utafute ni vitu gani vinaonekana kwenye kamera, uandae amri za kuchora, kisha uzitume kwa kadi ya michoro. Kila hatua inasubiri jibu la hatua iliyotangulia. Huwezi kujua kama ukuta umeonekana kabla ya kujua kamera iko wapi, na kamera haijulikani iko wapi kabla ya mhusika kumaliza kusogea. Aliyewahi kusimama kwenye mjengo Ruaka au Kilimani analijua jambo hili: ukiongeza vibarua, mchanga na kokoto zitapanda haraka, lakini slabu haimwagwi kabla ya vyuma kufungwa, hata ukileta watu mia.

Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967, na kanuni inayobeba jina lake ni rahisi kuitumia. Tuchukulie fremu inayohitaji milisekunde 20 kwenye kiini kimoja, na kati ya hizo 12 ni za kazi inayogawanyika huku 8 zikiwa za mnyororo usiogawanyika. Kwa viini 4 tunapata 8 kujumlisha 3, yaani milisekunde 11. Kwa viini 14 tunapata karibu 8.9. Viini 10 vya ziada vimetuokolea milisekunde 2 na kidogo, na hata tukiwa na viini elfu hatutashuka chini ya 8. Sasa chukua viini 4 ambavyo kila kimoja kina kasi mara 1.8 ya kiini cha Xeon ile. Milisekunde 11 zinakuwa 6.1. Mashine yenye viini vichache imeishinda ile yenye viini vingi, kwa sababu imeufupisha mnyororo wenyewe.

Hiyo 1.8 nimeichagua kwa ajili ya mfano, lakini tofauti kati ya mashine hizi mbili ni ya kweli. Xeon E5-2680 v4 ina mapigo ya msingi ya gigahezi 2.4 na hufika 3.3 pale viini vichache tu vinapofanya kazi. I3-12100F hufika 4.3. Zaidi ya hapo, kiini cha mwaka 2022 hukamilisha maagizo mengi zaidi katika kila pigo la saa kuliko kiini cha mwaka 2016, kwa kuwa kinatabiri matawi ya msimbo vizuri zaidi na kinaweza kuyashughulikia maagizo mengi kwa wakati mmoja. Kwa mnyororo mmoja mrefu, hicho ndicho kinachohesabika.

Mchangiaji, muuzaji wa kompyuta, katikati ya jiji

Ndugu, maelezo yako nimeyasoma yote na sina ugomvi nayo, lakini nataka wasomaji wapate picha kamili kutoka upande wa kaunta. Wateja wanaochukua Z440 wengi wao si wachezaji watupu. Huyu anahariri video za harusi, yule anatoa taswira za nyumba kwa wasanifu majengo, mwingine anacheza huku akirusha mchezo wake moja kwa moja mtandaoni. Kwao viini 14 vinafanya kazi kweli kweli, kwa sababu kila fremu ya video au kila kipande cha taswira kinaweza kukokotolewa peke yake.

Pili, mashine za viini 4 nazo zina tatizo lake. Wapo wanaonunua EliteDesk 800 G1 yenye i5-4570, kisha wanarudi wakisema kwamba mchezo mpya unaonyesha wastani mzuri wa fremu lakini unakwamakwama wanapoingia mjini ndani ya mchezo. Je, hapo si upungufu wa viini?

Mwanzilishi wa mada

Naam, hapo ni upungufu wa viini, na nashukuru umeuleta. I5-4570 ya mwaka 2013 ina viini 4 na kila kiini kinabeba uzi mmoja tu. Mwaka huo huo PlayStation 4 na Xbox One zilitoka zikiwa na viini 8 vya aina ya Jaguar, vyenye mapigo ya gigahezi 1.6 kwa ile ya kwanza na 1.75 kwa ya pili. Vilikuwa viini dhaifu, na studio ambayo ingetegemea kimoja tu isingefika popote, kwa hiyo waandishi walilazimika kujifunza kutawanya kazi. PlayStation 5 ilipokuja mwaka 2020 ikiwa na viini 8 vya Zen 2 vinavyobeba nyuzi 16, mazoea hayo yalikuwa yamekwisha kukomaa. Mchezo uliopangwa kwa mashine hizo, ukiletwa kwenye kompyuta, unakuja na kundi la kazi za pembeni: kufungua faili zilizobanwa, kuandaa sheda (programu ndogo za kadi ya michoro), kuleta mtaa unaofuata kutoka kwenye diski, kuchanganya sauti. Kwenye i5-4570 kazi hizo zinagombania viini vilevile na uzi mkuu, na kila uzi mkuu unapopokonywa nafasi kwa milisekunde kadhaa, mchezaji anahisi mkwamo ingawa wastani wa fremu hausemi lolote.

Ndiyo maana huwa nawasihi watu waache kuangalia wastani na waangalie fremu mbaya zaidi, ile asilimia 1 ya mwisho. Mchezo unaotoa fremu 59 kwa utulivu kisha moja inayochukua milisekunde 120 utakuwa na wastani wa kupendeza na utakera sana kuuchezea. I3-12100F inajitetea kwa sababu viini vyake 4 vinabeba nyuzi 8 na kila kimoja kina kasi, lakini mtu mwenye uwezo wa kuongeza kidogo afike Core i5-12400F au Ryzen 5 5600, zote zikiwa na viini 6 na nyuzi 12. Kwa michezo ya leo hapo ndipo fedha inapofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Na kwa yule anayehariri video za harusi, nakubaliana nawe kabisa: Z440 ni mashine ya heshima.

Mchangiaji, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, Juja

Shikamoo wakubwa. Ninaandika mchezo kwa C++, bila injini ya mtu mwingine, ili nijifunze. Nina maadui elfu kadhaa, na kila mmoja huangalia majirani zake kabla ya kusogea. Niliwagawa kwa nyuzi 8, nikaweka kufuli kwenye orodha yao ili nyuzi zisigongane, na matokeo yakawa polepole kuliko nilipokuwa na uzi mmoja. Nimehakikisha kwamba nyuzi zote zinafanya kazi. Tatizo linaweza kuwa nini?

Mwanzilishi wa mada

Marahaba. Umefika mahali ambapo karibu kila mwandishi wa michezo hufika, na jibu lake linahitaji tushuke hadi kwenye kumbukumbu.

Kufuli moja juu ya orodha nzima ina maana kwamba wakati wowote ni uzi mmoja tu unaoigusa orodha, na saba zilizobaki zimesimama mlangoni. Umeurudisha mnyororo ule ule, kisha ukaongeza gharama ya kufunga na kufungua. Wengi wakifika hapo huzigawa kufuli ziwe nyingi na ndogo, wanapata mikwamo ya nyuzi mbili kusubiriana milele, na wanaishia kuchukia nyuzi zote. Njia yenye afya ni kuondoa haja ya kufuli. Weka nakala mbili za hali ya maadui: ya fremu iliyopita, ambayo kila uzi unaruhusiwa kuisoma na hakuna unaoruhusiwa kuiandika, na ya fremu ya sasa, ambayo kila uzi unaandika sehemu yake peke yake. Adui wa 500 anapoangalia majirani, anaona walipokuwa fremu iliyopita. Mchezaji hawezi kuitambua tofauti hiyo, na kufuli zako zote zimeondoka.

Hata baada ya hapo unaweza kushangaa kwamba kasi haijaongezeka ulivyotarajia. Vichakataji vya kompyuta zetu havisogezi kumbukumbu baiti moja moja. Husogeza mistari ya baiti 64. Kama uzi wa kwanza unaandika kaunta yake na uzi wa pili unaandika kaunta yake iliyo baiti 8 mbele, kaunta hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja. Kila uzi unapoandika, kiini chake kinalazimika kuunyakua mstari huo kutoka kwa mwenzake, ingawa kimsingi hawashiriki data yoyote. Msimbo wako ni sahihi, vipimo vyako vyote vinapita, na mashine inatumia muda wake kurushiana mstari mmoja huku na huku. Tenga data ya kila uzi ili iwe kwenye mistari yake yenyewe, na umpe kila uzi kipande kinachofuatana, si adui mmoja mmoja kwa zamu.

Kisha angalia umbo la data yenyewe. Kusoma kutoka kwenye kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, iliyo karibu kabisa na kiini huchukua takriban nanosekunde moja. Kusoma kutoka kwenye kumbukumbu kuu huchukua karibu 80 hadi 100, muda ambao kiini cha gigahezi 4 kingetumia mapigo 300 au 400. Ikiwa kila adui ni kitu kimoja kikubwa chenye jina, picha, sauti, afya na mahali alipo, na unachohitaji ni mahali tu, basi kila mstari wa baiti 64 unaouleta umejaa vitu usivyovitaka. Weka mahali pa maadui wote kwenye safu moja iliyonyooka, na kasi zao kwenye safu nyingine. Fanya hivyo kwanza ukiwa na uzi mmoja. Nina imani kubwa juu ya utaratibu huu: panga data, pima, ndipo ugawe. Anayeanza na nyuzi kabla ya data anavipa viini 8 kazi ya kusubiri kumbukumbu kwa pamoja, na njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ni ile ile moja.

Ushahidi wa wazi kabisa ninaoujua ni Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Ina viini 8 kama 5800X ya kawaida, na mapigo yake ni ya chini, gigahezi 4.5 dhidi ya 4.7. Kilichoongezwa ni kashe ya ngazi ya tatu, kutoka megabaiti 32 hadi 96. Kwenye michezo mingi iliipita ile ya kawaida kwa tofauti ya kuonekana. Hakuna kiini kilichoongezwa, wala pigo la saa.

Watu walioandika kwa PlayStation 3 walijifunza haya kwa nguvu. Kichakataji chake, Cell, kilikuwa na kiini kimoja cha kawaida na vichakataji vidogo ambavyo mchezo ungeweza kutumia 6 kati yake, kila kimoja kikiwa na kumbukumbu yake ya kilobaiti 256 tu. Kichakataji hicho kidogo hakikuweza kusoma kumbukumbu kuu moja kwa moja; mwandishi alilazimika kuileta data vipande vipande, kuifanyia kazi, kisha kuirudisha. Ilikuwa adhabu, lakini waliovumilia walitoka na misimbo iliyopangwa kwa namna inayofaa kabisa kwa mashine zilizofuata.

Kuhusu namna ya kugawa, usiunde uzi mmoja kwa ajili ya fizikia, mwingine kwa akili ya maadui na mwingine kwa sauti. Mpangilio huo unaeleweka haraka lakini hauongezeki: ukipata mashine ya viini 12 bado una nyuzi zako tatu, na fremu inasubiri ule mzito kuliko zote. Unda uzi mmoja wa kufanya kazi kwa kila kiini, kisha ukate fremu kuwa kazi ndogo ndogo zilizo kwenye foleni, kila moja ikieleza inasubiri zipi zimalizike. Naughty Dog, studio ya michezo, walieleza kwenye mkutano wa waandishi wa michezo wa GDC mwaka 2015 jinsi walivyoligeuza *The Last of Us Remastered* kufuata mpango huo ili lifike fremu 60 kwenye PlayStation 4. Walikuwa na nyuzi 6 za kufanya kazi, moja kwa kila kiini walichoruhusiwa, na kazi yoyote iliyolazimika kusubiri iliwekwa kando ili uzi uendelee na nyingine. Wanaokokotoa fremu inayofuata huku iliyopita ikichorwa wanalipa kwa ucheleweshaji kidogo kati ya kitufe na picha, na hilo ni jambo la kulipima kwa makini kwenye mchezo wa mapigano kuliko kwenye mchezo wa kujenga miji.

Mchangiaji, mhandisi wa seva, Westlands

Naomba kuongeza upande wa seva, kwa kuwa vijana wengi hapa wanaanzisha seva za Minecraft na wenzao wa shule. Toleo la Java la mchezo huo linasasisha ulimwengu mara 20 kwa sekunde, yaani kila mpigo (sasisho moja, si pigo la saa) una milisekunde 50, na sehemu kubwa ya usasishaji huo iko kwenye uzi mmoja. Mtu akikodi seva ya viini 16 vya mapigo ya chini kwa sababu ina wachezaji wengi, atakuta mpigo unavuka milisekunde 50 na kila kitu kinazubaa, huku viini vingi vikiwa vimelala. Viini vichache vyenye mapigo ya juu ndivyo vinavyosaidia. Kukusanya vipande vipya vya ulimwengu na kuvihifadhi kunaweza kugawiwa, na huko viini vya ziada vinatoa faida, lakini mashamba, mifumo ya redstone (nyaya na swichi za ndani ya mchezo) na viumbe wanaokaribiana vinategemeana mno.

Jambo la pili ambalo sijaona likitajwa ni usawa wa matokeo. Michezo mingi ya mikakati haitumi mahali pa kila askari kwenye mtandao. Hutuma amri za wachezaji tu, na kila kompyuta inakokotoa vita nzima yenyewe ikitarajia kupata jibu lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Kujumlisha namba zenye desimali kwenye kompyuta hutegemea mpangilio: ukianza na A na B kisha C, unaweza kupata tofauti ndogo na ukianza na B na C kisha A. Nyuzi 8 zikimaliza kazi kwa mpangilio tofauti kila mara na kila moja ikaongeza sehemu yake kwenye jumla, kompyuta mbili zitaachana polepole, na baada ya dakika kadhaa mchezaji mmoja anaona amemuua adui ambaye kwa mwenzake bado yuko hai. Dawa yake ni kuhifadhi jibu la kila kipande mahali pake na kuyajumlisha mwishoni kwa mpangilio usiobadilika, au kutumia namba kamili.

Mchangiaji, mwandishi wa michezo ya simu, Umoja

Dada umenigusa, kwa sababu mimi hufikiria zaidi simu, na ukweli ni kwamba wachezaji wetu wengi hapa nchini wako huko. Bango la dukani linasema viini 8. Helio G85, ambayo iko kwenye simu nyingi za bei ya kati, ina viini 2 vya Cortex-A75 vya gigahezi 2.0 na 6 vya Cortex-A55 vya gigahezi 1.8. Kwa kusoma mapigo pekee mtu angedhani vinakaribiana, lakini A55 hutekeleza maagizo kwa mfuatano mkali ili kuokoa betri, wakati A75 inaweza kuruka agizo lililokwama na kuendelea na linalofuata. Uzi mkuu wa mchezo ukihamishiwa kwenye A55, fremu inarefuka papo hapo. Ukikata kazi vipande 8 vilivyo sawa, viini vikubwa vitamaliza mapema na kukaa vikisubiri vidogo. Ndiyo maana foleni ya kazi ndogo ndogo aliyoieleza mwanzilishi ina manufaa zaidi kwenye simu kuliko kwenye kompyuta: kiini chenye kasi huchukua kazi nyingi zaidi chenyewe, bila mwandishi kukipangia.

Halafu kuna joto. Simu haina feni. Mchezo unaovichosha viini vyote 8 unaweza kuanza kwa fremu 60 na baada ya robo saa mfumo ukashusha mapigo, na fremu zikashuka mpaka 35. Mimi hupendelea kuufunga mchezo kwenye fremu 30 au 40 zisizoyumba na kuviacha viini vipumzike kati ya fremu.

Na kwa mwanafunzi wa Juja, tahadhari moja kabla hujaupeleka mchezo wako kwenye Android. Vichakataji vya x86, yaani vya Intel na AMD, huwa vinaonyesha maandishi ya kiini kimoja kwa viini vingine kwa mpangilio ule ule yalivyoandikwa. ARM, aina iliyo kwenye simu, haiahidi hivyo. Ukiandika data, kisha ukaweka bendera ya kusema data iko tayari, uzi mwingine kwenye simu unaweza kuiona bendera kabla ya data. Msimbo uliofanya kazi kwenye kompyuta yako bila tatizo utaanza kuharibika kwenye simu mara moja moja, bila mpangilio, na hutaweza kulirudia kosa ukilitafuta. Tangu mwaka 2011 C++ ina kanuni rasmi za kumbukumbu na vigeu vya atomiki (vinavyoweza kuulinda mpangilio huo), basi vitumie kwa bendera zote za aina hiyo, na uache kutegemea tabia ya kompyuta uliyonayo.

Mchangiaji, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, Juja

Asanteni sana. Nimeweka nakala mbili za hali ya maadui na kuondoa kufuli, na sasa nyuzi 4 zinaipita moja kwa mbali. Nikipandisha hadi 8 naona faida ndogo mno. Pia uchoraji wangu unatumia OpenGL (njia ya programu kuipa kadi ya michoro amri); je, nao naweza kuugawa?

Mwanzilishi wa mada

Kama mashine yako ina viini 4 vinavyobeba nyuzi 8, faida ndogo ndiyo ya kutarajiwa. Nyuzi mbili za kiini kimoja zinashiriki vikokotozi na kashe. Uzi wa pili unatumia nafasi zinazobaki wakati wa kwanza unasubiri kumbukumbu. Msimbo wako wa sasa, ambao data yake imepangika vizuri, hausubiri sana, kwa hiyo haubakishi nafasi nyingi. Hiyo ni dalili njema.

Kuhusu OpenGL, muktadha wake unakaa kwenye uzi mmoja kwa wakati mmoja, na kuuhamisha kutoka uzi hadi uzi ni ghali. Unaweza kuandaa orodha ya vitu vya kuchora kwenye nyuzi nyingi, lakini amri zenyewe zitatumwa kupitia mlango mmoja. Direct3D 11, njia kama hiyo ya Microsoft, ilijaribu kulegeza hilo bila mafanikio makubwa. Direct3D 12, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015, na Vulkan, iliyotolewa Februari 2016, zilibuniwa upya ili kila uzi uweze kurekodi amri zake, na mwishoni zipelekwe kwa pamoja. Gharama yake ni kwamba kazi ambazo kiendeshi cha kadi kilikuwa kikikufanyia kimya kimya, kama kujua ni lini kumbukumbu fulani haitumiki tena, sasa ni zako. Kwa mchezo wa maadui elfu kadhaa wenye umbo moja, baki na OpenGL na uwachore wote kwa amri moja ya kurudia. Utakuwa umeondoa kazi badala ya kuigawa.

Mchangiaji, muuzaji wa kompyuta, katikati ya jiji

Swali moja la mwisho kutoka kaunta. Mteja akija na mashine yake nitajuaje kwamba kinachomzuia ni kichakataji na si kadi ya michoro? Wengi hufungua dirisha la mfumo, wanaona kichakataji kiko asilimia 15, na wanahitimisha kwamba kadi ndiyo mbovu.

Mwanzilishi wa mada

Asilimia ile ni wastani wa nyuzi zote, na kwenye mashine ya nyuzi 28 uzi mmoja uliojaa kabisa unaonekana kama asilimia 3.6 tu. Asilimia 15 inaweza kuwa na uzi mkuu uliobanwa mpaka mwisho pamoja na wasaidizi wachache. Fungua mwonekano wa uzi mmoja mmoja, ingawa hata huo unaweza kudanganya kwa kuwa mfumo endeshi huuhamisha uzi mkuu kutoka kiini hadi kiini.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji programu yoyote ya ziada. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720, kisha simama mahali pale pale ndani ya mchezo. Fremu zikipanda sana, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa imezidiwa. Zikibaki pale pale, kadi ilikuwa ikimsubiri kichakataji, na mteja huyo ukimuuzia kadi kubwa zaidi atarudi kwako akiwa na malalamiko yale yale. Jaribu mahali penye watu wengi ndani ya mchezo, sokoni au katikati ya mji, si kwenye uwanja mtupu.

Mchangiaji, muuzaji wa kompyuta, katikati ya jiji

Nimeelewa. Kesho nitakijaribu kwenye Z440 mbili zilizoko dukani na kwenye moja ya i5-12400F, kadi ikiwa ile ile, na nitaweka hapa fremu za chini kabisa za kila mashine pamoja na wastani wake.